Tasbihi Nyuma ya Taa ya Kushoto

Abshir alikuwa anashusha mitungi ya maji kwa mama yake, nje kidogo ya Tarbaj, jua likielekea kuzama, mara dada yake Sahro akapiga ukelele ndani ya nyumba. Mimba ya miezi minane. Mkunga Muslimo akatoka na damu hadi kwenye viwiko.

"Wajir, sasa hivi," akasema. "Ukikawia, walaal, ndugu yangu, tutawazika wawili kaburi moja."

Haya basi. Gari lilikuwa moja tu: pikapu ya marehemu baba yao, Siyad, iliyomzidi Abshir umri. Na mzee aliacha amri moja juu ya pikapu hiyo. Magharibi isiikute barabarani. Sababu hakutoa, na Siyad hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa.

Mama yao, Fatumo, akaushika mlango wa gari. "Baba yako alisema nini?"

"Hooyo, baba amekufa. Sahro bado."

Akaondoka, dada na mkunga wakiwa nyuma juu ya godoro.

Walipofika kwenye migunga miwili giza likaingia, na taa za mbele zikazimika. Zote mbili.

Abshir alikulia chini ya boneti ya gari hilo. Akapiga honi, ikalia. Betri nzima. Akachomoa fyuzi, akaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara. Wapi! Akabadilisha balbu. Akakanyaga swichi ya mguu mara kumi, ishirini. Wapi! Akajaribu kuendesha kwa tochi ya simu, tairi nusura liingie mtaroni.

Nyuma, Sahro akaacha kulia.

"Damu haikatiki," Muslimo akanong'ona. "Abshir... fanya haraka."

Ndipo akasikia harufu. Udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi. Na mvua hawajaiona kwa miezi minane sasa.

"Assalaamu alaykum."

Mwanamume mrefu alikuwa amesimama mbele ya gari, kidole gumba kikitembea juu ya pingili za vidole vyake, kimoja kimoja, anahesabu dhikri.

"Wa alaykumu salaam, adeer, mzee wangu. Taa zimenigomea, na nina mgonjwa."

"Ya kushoto. Nyuma yake. Waya wa taa zote mbili kwenye bodi umevutwa."

Amejuaje? Abshir hakuwa na nafasi ya kuuliza. Akaing'oa taa ya kushoto, akapenyeza mkono. Vidole vikagusa shanga. Tasbihi, nyeusi kwa mafuta ya miaka, imejisokota kwenye waya hadi ukachomoka. Akaikwanyua, akaitia mfukoni, akakwangua kutu kwa kisu na kuufunga waya.

"Mungu akulipe, adeer! Sema unachotaka, wallahi nitakupa."

Ndivyo watu wa kule wasemavyo mtu akiwafaa, na aliyewafaa hujibu, hapana, ni wajibu wangu. Neno linaisha hapo.

Huyu hakukataa.

"Mtoto ni wa kiume," akasema. "Apewe jina langu. Mowlid Bishar. Mimi niliondoka bila kuacha mtoto."

"Nimekubali."

Abshir akabonyeza swichi. Taa zikawaka.

Mbele ya gari hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa na nyayo za Abshir peke yake.

Wajir walifika. Sahro akapona, mtoto wa kiume akapona.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa. Abshir akalitaja jina, akaitoa ile tasbihi. Kikombe cha maziwa kikamponyoka Fatumo. Akawatoa wageni wote nje.

"Baba yako alimgonga," akasema. "Pale kwenye migunga. Alibeba sukari ya magendo, akazima taa askari wasimwone. Akamzika yeye mwenyewe, usiku uleule. Jina alilikuta kwenye kitambulisho. Watu wake wa Lafey walimtafuta miaka, na Siyad kimya. Hata diya, ngamia wa fidia ya damu, hakulipa."

Sahro akamkumbatia mwanawe aliyekuwa akinyonya. "Basi sitaki! Sitaki jina la maiti. Mwanangu ataitwa Siyad."

Mtoto akaliachia titi.

Hakulia. Kifua kikatulia... midomo ikawa ya buluu.

"Mowlid!" Abshir akapiga kelele. "Mowlid Bishar! Ni Mowlid!"

Mtoto akavuta pumzi.

Hakuna aliyebishana tena. Lakini kila magharibi mtoto alikuwa anaamka, haombi titi, anatazama mlango tu, na kidole gumba chake kidogo kinatembea juu ya pingili za vidole, kimoja kimoja. Abshir aliitundika ile tasbihi juu ya kitanda. Vidole vikatulia.

Kesho Abshir anakwenda Lafey kuwatafuta ndugu wa marehemu, akawaambie ukweli. Ataondoka alfajiri. Leo jioni Sahro alimfuata kwenye gari, mtoto mgongoni, akamshika mkono.

"Kaka," akanong'ona. "Wakisema hawataki ngamia... wakisema wanamtaka mtu wao?"

Abshir akainama, akaendelea kukaza waya wa taa ya kushoto.