Habari ya Kwanza Saa Saba

Mtu wa kwanza alikata roho kwenye ngazi za kituo cha televisheni, saa sita na dakika kumi na tisa mchana.

Sindano alikuwa amemkimbiza tangu getini. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne jamaa akageuka na kisu. Sindano akampisha, akaudaka mkono, akauvunja kwenye kiwiko na kumbamiza kichwa kwenye ukingo wa ngazi mara mbili.

"Bunduki iko wapi?"

Kwa siku tatu alikuwa akiifuatilia hiyo bunduki ya masafa marefu, iliyoingizwa nchini ndani ya sanduku la stendi ya kamera. Na huyu ndiye aliyelibeba.

"Soma habari," jamaa alisema, mdomo umejaa damu. Akacheka, akafa.

Redio ikakwaruza sikioni. "Sindano, Dawati hapa. Sema."

"Mbebaji ameondoka. Mzigo sijauona."

"Mkutano wa mkunga uwanjani ni saa saba kamili." Mkuu wake akasita. "Nimtume mwingine? Anayelengwa ni mama yako."

"Mzee, usinichekeshe."

Mama yake alikuwa mkunga mstaafu. Wiki mbili nyuma alisimama mbele ya kamati ya bunge, akasema kwa dakika saba: kwa mikono yake amepokea watoto elfu nne, na tangu mgodi wa wageni uanze kumwaga maji machafu mtoni, amezika thelathini na mmoja. Akawataja mmoja mmoja. Mtu akamrekodi kwa simu. Kufikia Ijumaa hotuba ilikuwa kwenye simu ya kila mwenye simu, na wenye mgodi hawakupata usingizi.

Kituo hiki, kikubwa kuliko vyote nchini, hakikuitaja hata kwa sekunde moja. Wiki nzima kilikuwa na talaka ya mwanamuziki.

Soma habari. Sawa.

Alipita chumba cha habari na kitambulisho cha bandia kifuani. Hakuna aliyeinua kichwa. Watu wa habari wakikaribia saa ya taarifa hata nyumba ikiungua hawaoni. Mlango wa mhariri mkuu ulikuwa na walinzi wawili. Wa kwanza alipigwa kooni akaketi chini taratibu. Wa pili alichomoa bastola. Sindano akamzungushia waya wa maikrofoni shingoni, akaingia naye ndani akimvuta, akakaza mpaka miguu ilipoacha kupiga sakafu.

Mhariri mkuu alikuwa mbele ya kompyuta. Kando yake, fundi wa matangazo, binti mwenye vipokea sauti shingoni, alikuwa ameganda.

"Geuza kioo," Sindano alisema.

Ulikuwa mpangilio wa taarifa ya saa saba. Kila habari na mstari wake, dakika zake, na kisanduku cha picha zinatoka wapi. Mstari wa juu kabisa ulisomeka hivi:

MKUNGA AUAWA NA MFUASI WAKE. Saa 7:02. Dakika 3, sekunde 40. Picha: kamera 2, paa la ghala la pamba.

Sindano aliusoma mara mbili. Mama yake alikuwa hai, pengine anatafuta miwani yake, na hapa alishakufa kwa dakika tatu na sekunde arobaini.

Mhariri alikuwa mtu wa kazi. Miaka ishirini amewagombeza vijana wake wasiache kisanduku kitupu, na hata kwenye mauaji hakuweza kukiacha. Alikuwa ameandika mwenyewe mahali bunduki ilipo.

"Umechelewa," alisema. "Nyie mnadhani jambo hutokea, halafu sisi tunalitangaza. Dada, nchi hii kilichotokea nakipanga mimi."

Sindano akamshika kisogoni, akamgongesha uso kwenye meza. Jino likaruka likatua juu ya kibodi.

"Mimi sikujua, dada," fundi alisema. "Nimeuona mstari huo sasa hivi, kama wewe."

"Kamera namba mbili inakufikia moja kwa moja?"

"Inafika."

"Taarifa waliyotengeneza usiirushe. Subiri kamera mbili. Nitakachokuonyesha, kirushe."

"Wakinifukuza?"

"Nani atakufukuza?"

Wote wawili wakamtazama mhariri sakafuni. Fundi akavaa vipokea sauti vyake.

Pikipiki yake ya Honda ilikuwa nje. Sindano alipita kati ya magari, akapanda kando ya barabara, akavunja taa nne nyekundu. Saa ya Casio mkononi ilisoma sita na hamsini na sita alipoitupa pikipiki nyuma ya ghala.

Mlinzi chini ya ngazi alipata risasi mbili za Glock yenye kizuia sauti. Sindano akamruka.

Juu ya paa kulikuwa na mgeni mmoja mwenye kofia ya wapiga picha, amelala kifudifudi nyuma ya bunduki. Pembeni yake kamera ya Sony ilikuwa imesimama kwenye stendi, inatazama uwanja. Mkunga alikuwa anapanda jukwaani.

Sindano alifyatua. Risasi ikaishia kwenye fulana ya kuzuia risasi. Mgeni akabingirika, akafyatua bastola. Risasi ikapenya kiganja cha kushoto cha Sindano. Spika za uwanjani zikameza mlio.

Glock ikaanguka. Akamrukia. Mgeni akambana koo, kidole gumba kikitafuta jicho. Sindano akauma kidole hicho mpaka meno yakakutana. Mgeni alipomwachia, Sindano alimpiga teke la goti, lingine la kifua, na la tatu likampeleka ukingoni. Akashika hewa. Ghorofa nne, kisha zege.

Saa saba na dakika mbili.

Sindano akaikamata kamera. Ndani ya kioo kidogo uso wa mama yake ulimjia karibu: mvi, miwani iliyofungwa kwa uzi. Miaka miwili hakuwa amemwona. Alimpenda mpaka kifua kikauma.

"Kamera mbili, nakupata," fundi alisema. "Namrusha."

Na nchi nzima, mabaa, hospitali, ofisi za wakubwa, ikamsikia mkunga akianza na mtoto wa kwanza kati ya wale thelathini na mmoja. Sindano hakuiachia kamera mpaka wa mwisho.

"Sindano, Dawati. Mhariri tumembeba. Nani kakuamuru urushe hotuba?"

"Hakuna."

"Wakubwa wananipigia simu."

"Waambie wawashe televisheni, Mzee."

Alifunga kiganja kwa kitambaa, akashuka ngazi, akainua Honda. Simu ikaita. Alikuwa mama yake, aliyejua binti yake ni fundi wa mafriji.

"Mwanangu, bado uko kwenye mafriji yako?"

"Niko kazini, mama."

"Wamenionyesha kwenye televisheni. Sasa hivi, moja kwa moja. Jirani kanipigia."

"Nimekuona."

"Anasema nilionekana vizuri, ila picha ilikuwa inatingishika. Mpiga picha gani huyo, mkono unatetemeka hivyo?"

Sindano alitazama damu iliyokuwa ikidondoka kwenye tangi la mafuta.

"Labda ni mgeni kazini, mama."

"Mpe pole basi ukimjua. Wewe umekula?"

"Nakuja kula kwako," Sindano alisema, akawasha pikipiki.