Jina Lililoitwa Mlimani

Winfrida alifagia vumbi jekundu chini ya kiti cha mumewe, akageuka kuweka ufagio, akalikuta limerudi. Ilikuwa mchana kweupe, jua la mtaa wa Gungu linawaka, na Samson alikuwa amekaa palepale tangu jana aliposhuka mlimani, ananuka mawe yaliyogongana, glasi ya maji mbele yake haijaguswa.

Samson alikuwa mpima ardhi, mtu wa kuja kutoka Singida. Kazi ilimpeleka kwenye milima mikavu kusini mwa Ujiji, isiyoota hata nyasi, ambako wenyeji hawaitani majina. Unagonga mawe mawili, mwenzako anajibu kwa kugonga. Wanasema waliokufa kwa kiu kule juu husikiliza majina, wapate la kushuka nalo. Winfrida alipoambiwa hayo alicheka hadi akashika mbavu. Ugeni nao una kiburi chake.

Adhuhuri akaja Oswald, Muha aliyembebea Samson vifaa vya kupimia. Hakutaka kuingia.

"Mzee anakunywa maji?" alinong'ona.

"Hata tone."

"Dada, jana ulimpigia simu tukiwa juu. Ulimwitaje?"

Tangu wajaliwe mtoto, Winfrida alimwita mumewe Baba Bariki tu. Ila jana mtandao ulikatikakatika, hofu ikamshika, akapayuka.

"Kwa jina lake."

"Niliwasikia wawili wakiitika, nikadhani mwangwi. Huyu niliyeshuka naye alitangulia mbele, hakugeuka hata mara moja. Narudi mlimani kugonga mawe, huenda mumeo akajibu. Wewe usilitaje jina hilo humu ndani. Likiitwa nyumbani, huyu hatoki tena."

Winfrida aliporudi sebuleni, yule wa kitini alikuwa anatabasamu.

"Mke wangu, mbona huniiti jina?"

Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa, na hilo ndilo lililomtisha, akatoka kinyumenyume hadi barazani, akaketi kaziba mdomo kwa kanga, huku ndani ile sauti ikibembeleza, niite, niite mara moja tu, hadi alasiri ilipomezwa na ukimya.

Simu ikalia. "Amejibu mawe," Oswald alisema. "Nimemkuta pangoni. Tunakuja."

Alichungulia ndani. Kiti kilikuwa kitupu.

Kabla ya magharibi bodaboda ikasimama mlangoni. Mumewe akateremka, midomo imepasuka, akainua ndoo na kunywa hadi maji yakamchuruzika kifuani. Winfrida alipoona anakunywa, furaha ilimzidi, akamrukia shingoni.

"Samson. Samson wangu."

"Naam," mumewe akaitika.

"Naam," sauti ileile ikaitika kutoka chumbani.