Fakilte Tatu na Kikapu cha Mikeke

Ua wa chuo ulikuwa umejaa vijana mpaka barabarani, kila mtu akisukuma, kila mtu akidai yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya fujo ile alisimama Eliane, blauzi nyeupe, kitenge cha kijani alichokiazima kwa mama yake, na viatu vipya vilivyombana vidole. Mtu mmoja mrefu akaja akamkanyaga.

"Aïe! Weye, hauna macho?"

"Pardon, dada. Pardon sana. Nilikuwa natazama kule juu."

Kule juu, ukutani, walikuwa wamebandika majina ya fakilte tatu: kilimo, uhandisi, na sayansi ya chakula na nyumba. Kijana yule alikuwa amevaa koti la baridi, na joto lote lile la Uvira! Ungemjua tu kwamba ameshuka kutoka milimani.

"Unachukua gani?" Eliane akamuuliza.

"Sijui. Weye je?"

"Minye pia sijui."

Wakacheka. Jina lake Hirwa. Baba yake, mfugaji kule juu, alitaka mwanawe asome kilimo arudi kutibu ng'ombe. Eliane naye alikuwa mtoto wa wavuvi, amezaliwa hapa hapa pembeni ya ziwa. Mama yake aliipigia debe ile ya chakula na nyumba, akidai msichana wa nutrition hakosi bwana. Baba yake alitaka kilimo, kwa sababu ya shamba lao la mpunga la Lubarika. Na mwenyewe? Mvua ikinyesha Uvira, watu wote hukimbilia ndani. Eliane hutoka nje kutazama maji yanapita wapi na ukuta wa nani utaanguka. Uhandisi ulikuwa moyoni mwake tangu utoto, lakini hapa waliandikisha tu, masomo ya fakilte ile yalikuwa yanatolewa Bukavu, na kwao hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ile ile wakaketi kivulini, na Eliane akauliza swali dogo tu.

"Unapendaka mukeke, samaki ya ziwa letu?"

Hirwa akatazama yale macho, akasahau alikotoka. "Sana!"

Uongo mtupu! Kwao Hirwa samaki hawaliwi. Ni watu wa maziwa wale. Samaki akiingia nyumbani, mama yake anafungua madirisha yote. Lakini kijana ameshapenda, utamfanya nini?

Basi mama yake Eliane, kusikia kuna mkwe anayependa samaki, akaanza kuwachagua mikeke wanene alfajiri mitumbwi inaporudi. Kikapu kikaenda Kavimvira, alikopanga Hirwa, kikarudi, kikaenda tena. Na simu jioni:

"Chéri, umekula?"

"Nimekula, mupenzi."

"Umemaliza yote?"

"Hata mwiba haukubaki."

"Ndiyo maana nakupenda! Sikia, nimeamua. Nachukua agronomie, kilimo, tusome pamoja. Weye ng'ombe, minye mabwawa ya samaki. Tutauza pamoja, tutakula pamoja!"

"Mabwawa," Hirwa akarudia. Jasho likamtoka. "Ya samaki."

"Haufurahi?"

"Nafurahi sana, bébé. Crédit ya simu inaisha."

Crédit ilikuwa tele.

Siku moja kabla uandikishaji haujafungwa, Eliane akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kavimvira kumshangaza mpenzi wake. Akajipaka poda na marashi, akafunga kilemba cha njano. Hirwa hakuwepo. Uani pale alimkuta jirani yake, Marie-Rose, muuza vitenge wa mpakani, mwanamke wa sura nzuri, amepiga magoti mbele ya mbabula ya makaa akikaanga mikeke. Pembeni yake, kikapu cha mama yake Eliane!

"Dada, hii samaki umetoa wapi?"

"Kwa Hirwa," Marie-Rose akajibu akitabasamu. "Ananiletea kila mara. Muntu muzuri sana ule!"

Eliane hakungoja neno la pili. Alirudi mjini kwa miguu, machozi yakichafua poda, na simu ikilia mkobani bila kujibiwa. Alijiona mjinga. Mama yake aamke alfajiri amlishe mwanamke mwingine wa Hirwa! Halafu akajiuliza: sasa kesho ninajiandikisha wapi? Kilimo alikuwa anakichukua kwa ajili ya Hirwa. Bila Hirwa, kilimo ni cha nini?

Simu ikalia tena, akaipokea kwa hasira. "Unataka nini, mwongo?"

"Dada Eliane, ni minye Marie-Rose, kwa simu ya Hirwa. Usikate! Ule muntu hakulaka samaki! Nikikaanga, iko anaenda kusimama barabarani mpaka harufu iishe. Minye niko na bwana wangu, Firmin, na yeye anakushukuru mikeke. Haya, ongea na Hirwa mwenyewe."

"Eliane," ikaja sauti ya Hirwa, ndogo. "Kwetu hatukulaka samaki."

"Juu ya nini ulinidanganya?"

"Niliogopa. Nilijua kwenu watasema, huyu si wa kwetu."

Eliane alitaka kucheka, alitaka kumtukana, hakujua aanze na lipi. "Na minye nilikuwa natupa génie civil, uhandisi wangu, kwa ajili yako!"

"Génie gani? Haukuniambia."

"Haukuniuliza tena!"

Ni kweli, tangu siku ile ya kwanza Hirwa hakumuuliza tena. Na Eliane mwenyewe hakusema.

Kesho yake Hirwa alimkuta mlangoni mwa chuo, bila koti safari hii, shati limepigwa pasi. Eliane alikuwa anatoka.

"Nimezungumza na baba," Hirwa akaanza haraka, kabla woga haujamshika. "Wazee wetu wanataka kushuka kwenu. Kukuomba, kukuposa."

"Watakula nini?"

"Bugari na maharage. Nimemwambia mama yako mwenyewe, kwa simu. Amenifokea, kisha amecheka."

Eliane akatazama vidole vyake. "Hirwa, minye nimeshajiandikisha. Génie. Naenda Bukavu, miaka yote ya masomo." Akainua macho. "Bado watakuja?"

Pikipiki zikapita, wanafunzi wakapita, mmoja akamgonga Hirwa bega, naye hakugeuka. Uso wake ulionyesha kila kitu: furaha, uchungu, na hesabu ya miaka isiyokubali.

"Watakuja," akasema mwisho. "Nitawaambia wanaomba injeniera. Wajipange."

Eliane akaangua kilio pale pale, mbele ya watu.

"Sasa unalia nini, mupenzi? Unafurahi ao unasikitika?"

"Sijui! Niache nilie kidogo, kisha ninunulie sucré, soda ya baridi."