Harufu Asiyoisikia

Soko la samaki lilikuwa limefurika siku ile. Watu wanasukumana, maji ya barafu yanatiririka sakafuni, wauzaji wanapaza sauti kana kwamba wamegombana. Msichana mmoja, muuza miwani, alikuwa amekusanya pindo la gauni lake la buluu lisilowe, kikapu mkono wa pili, aliposikia sauti nzito karibu na sikio.

"Dada, samahani. Hebu ninusie huyu."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, ameshika samaki kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Kwani wewe hujui kunusa?"

"Najua. Ila nikisimama karibu nawe, nasikia manukato yako tu."

Akacheka bila kutaka. Akainama, akanusa. "Huyu si wa leo. Mrudishe."

"Umeniokoa. Mimi ni mpishi, ningeaibika mchana kweupe."

Kabla hawajafika langoni, kijana alikuwa na namba yake ya simu.

Simu zikaanza. Asubuhi kabla duka la miwani halijafunguliwa, mchana, jioni.

"Miwani wangu, umeamkaje?"

"Na njaa, Mpishi."

"Njaa ya chakula au yangu?"

"Usijipe cheo."

Alimpenda haraka, na alijua kuwa anapendwa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila walipokumbatiana, chini ya sabuni na mafuta ya nywele ya kijana, palikuwa na harufu nyingine, nzito, yenye utamu fulani, kama maua yaliyosahauliwa kwenye maji. Ilimfuata hadi nyumbani, ikalala kwenye mto wake. Kwanza alidhani ni mtaro wa mtaani. Akadhani ni viatu. Alimtazama usoni mara nyingi akingoja aseme, "Kuna nini kinanuka hapa?" Kijana hakusema kamwe.

"Nataka kuonana na wazee wako," mpishi alimwambia siku moja kwenye simu. "Waje kazini kwangu. Niwapikie kwa mkono wangu, kisha niseme nao."

Mama alivaa gauni la zambarau, mjomba akatoa koti lake la harusi. Ukumbi wa mkahawa ulikuwa unang'aa: vitambaa vyeupe mezani, glasi safi, muziki wa chini kwa chini. Bosi, mtu mnene mwenye sauti ya asali, aliwakaribisha mwenyewe. Leso haikumtoka mkononi. Mlango wa jikoni ukifunguka, aliipandisha puani. Ukifungwa, aliishusha, na wakati wote huo anatabasamu.

Msichana akanyanyuka kwenda kumsalimu mchumba wake. Akausukuma mlango.

Harufu ilimpokea pale pale. Ni ile ile ya shingoni mwa kijana, ila sasa ilijaa chumba kizima. Inzi walitambaa ukutani bila haraka. Maji meusi yalikuwa yametuama kwenye sinki. Wafanyakazi wote walikuwa wamejifunga vitambaa usoni, yanaonekana macho tu, na macho yote yakamgeukia. Katikati yao mpishi, uso wazi, alikuwa anakoroga mchuzi wa nyama na kuimba polepole.

"Miwani wangu! Karibu. Kitunguu kinanukia hicho, eti?"

"Hii nyama imeoza."

"Nini?"

"Imeoza! Mama yangu yuko pale nje, na wewe unaimba?"

Tabasamu likamkauka. "Kama umenichoka, sema umenichoka. Usinitukanie kazi mbele ya wenzangu."

Vile vitambaa vilipanda na kushuka kwa pumzi, basi. Msichana akatoka, akamshika mama mkono, wakaondoka kabla sahani hazijafika. Usiku wote simu yake iliita, naye akaigeuza kifudifudi. Atazungumza nini na mtu anayelisha watu uozo huku anaimba?

Kesho yake mwanamke wa makamo aliingia dukani, akajifanya anajaribu fremu. Msichana alimtambua kwa macho.

"Naosha vyombo kule," mwanamke alinong'ona. "Mwanangu, usimhukumu bure. Yule kijana hasikii harufu. Kuna homa ilimlaza kabla hajaja kwetu, ikaondoka na pua yake. Anaficha. Nani atamwajiri mpishi wa hivyo? Anapika kwa mazoea ya mkono."

Msichana akamkumbuka yule samaki wa sokoni, na maneno aliyoyadhania ya kutongoza.

"Lakini si anaiona hiyo nyama?"

"Anaiona ikishaoshwa kwa siki na chumvi na kukatwakatwa, na vitambaa vyetu anaambiwa ni vya usafi. Chumba cha baridi kiliharibika kitambo, na ufunguo anao bosi. Wapishi wengine wote walikimbia. Huyu kijana, bosi alimtafuta makusudi; alishaijua siri ya pua yake." Akavua fremu, akairudisha mezani. "Juzi mzee mmoja kabebwa kutoka mezani. Mimi siwezi tena."

Msichana alifunga duka mchana ule ule. Ukumbi ulikuwa umejaa, vijiko vinagonga sahani. Akapita mbele ya bosi bila salamu, akaingia jikoni.

"Nisamehe," alimwambia mpishi. "Najua kuhusu pua yako. Na hiki unachopika kimeoza, mpenzi wangu. Kila siku."

Kijana akawatazama wenzake. Mmoja baada ya mwingine walitazama chini.

"Bosi," alisema, "naomba ufunguo wa chumba cha baridi."

Bosi alikuwa amesimama kizingitini, leso puani. Hakuwahi kuuvuka mlango ule. "Rudi kwenye sufuria, kijana," alisema taratibu, karibu kwa huruma. "Ulidhani nilikuchukua kwa mapishi yako?"

Mpishi akachukua nyundo ya nyama, akaipiga kufuli mpaka ikaachia.

Humo ndani hamkuwa na baridi. Lilitoka joto, kama la mwili wa mtu mwenye homa. Nyama zilining'inia gizani, na kitu cheupe kilikuwa kinatembea juu yake, hata ukuta ulionekana unapumua. Wafanyakazi walirudi nyuma, wakikaza vitambaa usoni. Yeye peke yake aliweza kuingia. Alisimama katikati ya uozo ule, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena, machozi yanamtoka, wala hakusikia chochote.

Alipotoka alizima majiko yote. Akaenda ukumbini na aproni yake nyeupe.

"Acheni kula. Tafadhali. Mimi ndiye niliyepika. Acheni kula."

Maafisa wa afya waliufunga mkahawa, na polisi wakamchukua bosi. Mpishi alitoa maelezo yake, akazima simu, akatoweka.

Msichana alimtafuta kila mahali. Mwishowe yule mwosha vyombo akamwelekeza hospitali. Huko alimkuta kando ya kitanda cha yule mzee aliyebebwa kutoka mezani, anamnywesha maji kwa kijiko. Mzee alikuwa amebaki mifupa, dripu mkononi.

"Huyu kanieleza yote," mzee alimwambia msichana. "Nilitaka kumfukuza. Kila siku anarudi, nimechoka kumfukuza." Akameza maji. "Lakini chakula kile, binti yangu, kilikuwa kitamu. Ndicho kinachonitisha hadi leo."

Wakakaa wawili kwenye benchi la nje. Mikono ya kijana ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa.

"Kwa nini umenizimia simu?"

"Ningesema nini? Naoga asubuhi, naoga jioni, na sina namna ya kujua kama imetoka." Akamgeukia. "Usinifiche. Bado nanuka?"

Msichana akaweka uso shingoni mwake, akavuta pumzi. Sabuni. Jasho. Na chini kabisa, kwa mbali, ile nyingine. Hakujua kama imo kwenye ngozi ya kijana au kichwani mwake mwenyewe.

"Kidogo," alijibu, maana kufichana kulishawaumiza vya kutosha. Uso wake hakuuondoa.

"Mama anakungoja Jumapili," msichana alisema hatimaye. "Napika mimi. Wewe utakaa kitako, hutapika."

Kijana akainua kichwa polepole. "Hutapika? Yaani mtu akila chakula chako hutapika?"

Alimpiga begani, na kicheko kikawatoka wote wawili kwa kishindo, mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

"Utakubali nikuoe?" kijana aliuliza, bado anajifuta macho.

"Njoo ule kwanza. Ukimaliza sahani, nitakujibu."

"Na nikiongeza?"

"Ukiongeza," alisema, akiushika ule mkono uliochubuka kwa uangalifu, "mjomba atataka tarehe."