Puta Inayojifunza Mkono

Uvumi wenyewe aliuleta jirani yao Kolumba, na aliuleta huku anacheka, ndiyo maana ulikaa.

"Mama Asteria, umesikia? Kuna mtoto kule Kihonda, bingwa wa gofu, hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake. Anafungwa na dada yake kama bwana harusi!"

Leokadia alimwambia aache umbea, akaendelea kuchambua mchele. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa unyayoni: ukikaa husikii kitu, ukisimama tu unashtuka. Maana mtoto yule alitumia puta mpya ya gofu, ile inayojifunza mkono wa mchezaji, na binti yake naye alikuwa nayo.

Kesho yake akaenda uwanjani kumtazama. Mwaka ule wa 2068, uwanja wa gofu chini ya milima ya Uluguru ulikuwa unajiendesha wenyewe. Nyasi zilikatwa na makobe-chuma yaliyotambaa bila dereva, na mifuko ya fimbo ilitembea yenyewe nyuma ya wachezaji. Kedi, wale wabeba mifuko wa zamani, hawakuitwa tena. Leokadia, aliyeishia darasa la saba, alikuwa amebeba mifuko ile miaka kumi na mmoja, kisha akasukuma mashine ya injini ya kukatia nyasi miaka minane, mpaka mashine ikamwachia mtetemo katika mkono wa kulia. Kobe-chuma la kwanza lilipofika, yeye akarudishwa nyumbani pamoja na mkono wake.

Asteria, miaka kumi na sita, alikuwa amesimama kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, mita tisa toka shimoni. Mkononi ana puta-fahamu, aina mpya ya ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni. Mshikio wake ulikuwa na vinusa-neva elfu nne vya kusoma kiganja, na ndani ya kichwa cha fimbo kulikuwa na magurudumu madogo yanayozunguka ili kuinyoosha njia yake. Taa ya kijani ikawaka kwenye mshikio. Asteria akasukuma. Mpira ukapanda, ukakata kona, ukazama.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Sasa niambie, umesukuma wewe au imesukuma yenyewe?"

"Aa, mama nawe! Tangu makobe yakunyang'anye kazi, kila mashine kwako ni mchawi."

Leokadia akauokota mpira shimoni, akamrudishia. Jumanne ya wiki iliyofuata Asteria alikuwa na majaribio ya kuingia chuo cha gofu, nafasi mbili tu kwa mkoa mzima. Mama gani atapiga kelele kwa sababu ya shati la mtoto wa watu?

Jumamosi, kama kawaida yao, akakaa chini kwenye mkeka, binti akakaa juu ya kigoda kumsuka. Asteria alijulikana mtaa mzima kwa kusuka; mistari yake ilinyooka kama matuta ya bustani. Siku hiyo Leokadia akahisi kitu kichwani. Vidole vilikuwa vinagonga. Vinashika nywele, vinaachia, vinashika tena.

"Mbona unanikwaruza?"

"Nywele zako ngumu leo."

Leokadia akaomba kioo. Mistari ilikuwa imekwenda upogo, kama njia ya ng'ombe. Akasema "ahsante, mwanangu," lakini moyoni hakushukuru.

Binti alipotoka kwenda kwaya, Leokadia akaitoa ile puta kwenye ala yake. Mashine hakuzijua, puta alizijua. Enzi zake kedi walihadithiana habari za puta kama watu wanavyohadithiana ukoo. Za kwanza zilikuwa na mpini wa mti, zinapinda kwa unyevu. Zikaja bapa za chuma, nyembamba, ukikosa katikati mpira umepotea. Wakaja mafundi wakahamishia uzito kwenye ncha mbili, ili kichwa kisigeuke ukigonga pembeni. Zikaja za nyundo, pana kama pasi. Zikaja ndefu za kuegemeza kifuani, wakubwa wa mchezo wakapiga marufuku kuegemeza. Safari yote hiyo, chuma ndicho kilichokuwa kinabadilishwa ili kiufuate mkono wa mtu.

Na kedi walikuwa na namna yao ya kuchagua. Unalaza mpini juu ya kidole kimoja, unautafuta mpaka utulie, unatazama kichwa. Ncha ikining'inia chini, hiyo ni ya mtu anayesukuma kwa upinde. Uso ukitazama juu, ni ya mtu anayesukuma moja kwa moja. Puta haidanganyi kidoleni, ndivyo walivyokuwa wakisema.

Leokadia akailaza hii. Haikutulia. Ilikuwa inatetemeka, kidogo sana, kama panzi aliyeshikwa. Akadhani ni kidole chake. Akainua kinu, akakipindua, akailaza puta kwenye ukingo wa kitako chake, akarudi nyuma hatua mbili.

Ilitetemeka vilevile. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Akajimiminia chai kutuliza moyo, akainua kikombe kwa mkono wa kulia. Chai ikagonga ukingo. Mara tatu, kimya. Akakiweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka.

Jumatatu asubuhi alimburuta Asteria mpaka duka walikoipata. Mpimaji alikuwa kijana nadhifu aitwaye Gaudensi, mwenye glovu nyeupe.

"Shikamoo, mama. Puta ina shida?"

"Marahaba. Shida sijui iko wapi. Niambie siku ile ulipompima mwanangu mkono ilikuwaje."

Gaudensi akafungua kumbukumbu ukutani, picha zikatembea. Asteria ameshika mshikio vibaya, viwiko vimefunguka kama mabawa. Na hapo Leokadia akajiona mwenyewe: anaingia kwenye duara la kipimo, anaweka kiganja chake juu ya kiganja cha binti. Mkono juu ya mkono. Ndivyo kedi walivyofundishana tangu zamani; hakuna aliyefundishwa puta kwa mdomo. Taa ya mashine ikawaka manjano. Na sauti ya Gaudensi ikasikika wazi: "Haina neno, mama, mkono wako itautoa, itajichuja yenyewe."

"Ilijichuja?"

Gaudensi akavuta kidole cha glovu. "Mama, puta-fahamu haiponyi mkono wala haiuongozi tu. Inauzoesha. Kila siku inaurudisha mkono kwenye kipimo cha siku ya kwanza. Inapokuwa mkononi inanyoosha makosa, kwa hiyo mchezaji haoni kitu."

"Na ikiwa chini?"

"Ikiwa chini, mkono unabaki na kile ulichofundishwa."

"Kwa hiyo mwanangu amefundishwa mkono wangu."

Gaudensi akazirudisha picha nyuma, zikasimama kwenye viganja viwili.

"Na yule wa Kihonda?"

"Baba yake naye alimshika." Akainamisha macho. "Wazazi wengi huwashika, mama. Tukiwarudisha wote, nani atachukua puta?"

Leokadia alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumtukana. Yote yakamkwama, kwa sababu kwenye ile picha ukutani kiganja kilikuwa chake, na hakuna aliyemsukuma.

Asteria ndiye aliyesogea. Akauchukua mkono wa kulia wa mama yake, akauweka juu ya meza ya kioo, akaweka wake pembeni. Mikono yote miwili ikagonga kioo pamoja. Mara tatu, kimya.

"Mama," alisema, "kumbe unaishi hivi kila siku? Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema nini? Chai nakunywa."

Puta-fahamu waliiacha palepale mezani. Jumanne Asteria alikwenda kwenye majaribio na bapa kuukuu iliyookotwa kibanda cha kedi. Kati ya mipira kumi aliingiza mitatu. Nafasi zikaenda kwa wengine wawili, na wote wawili taa zao zilikuwa za kijani.

Sasa hivi kila Jumamosi anasuka. Mstari mmoja unachukua robo saa. Jumamosi iliyopita mstari wa nyuma ya sikio ulinyooka karibu mpaka mwisho.

Na kwenye mlango wa kibanda cha kedi, kuna karatasi imebandikwa, mwandiko umeyumba lakini unasomeka:

WAZAZI, EPUKENI HAYA

Usimshike mtoto mkono mashine inapopima. Najua mkono unawasha. Ukalie.

Usikubali neno "itajichuja yenyewe."

Taa ya manjano ikiwaka usiendelee, hata kama nyuma yako kuna foleni.

Usichukue puta isiyotulia kidoleni.

Usifurahie mpira kuingia kabla hujamwona mtoto akifunga vifungo bila puta.

Usiudharau uvumi kwa sababu aliyeuleta anacheka.

Usifiche maumivu yako kwa watoto. Wangu angeyajua mapema, angeutambua ule mkono kabla yangu.