Mossop Yupi?

Jua lilikuwa limebaki upana wa vidole viwili juu ya kilima pale Mama alipomkabidhi Hester ufunguo wa mlango mkubwa.

"Nenda kawaambie nyuki," alisema. Mikono yake ilikuwa imejaa unga, maana mikate ya msiba ilikuwa bado kuokwa. "Usikawie. Giza likiwakuta hawajaambiwa, watachukua mwingine."

Hakusema mwingine nani. Ghorofani Winnie alikuwa anakohoa. Alikuwa na miaka minne, na tangu juzi kifua chake kilitoa sauti kama mtu anayepasua kuni mbichi. Mama na Hester walitazama dari, kisha wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama kwingine.

Bibi Tamar Mossop alikuwa amekufa alfajiri. Sasa alilala sebuleni, saa ya ukutani imesimamishwa, kioo kimefunikwa shuka. Siku zote ni yeye aliyekuwa akiwapelekea nyuki habari za nyumba. Hata baba yake Hester alipouawa vitani Ufaransa, Bibi alikwenda mwenyewe, na Hester alimtazama kupitia dirishani. Aliona ufunguo ukigonga. Aliona midomo ya Bibi ikicheza. Maneno hakuyasikia.

Mizinga ilikuwa tisa, ya majani makavu yaliyosukwa, kila mmoja katika shubaka lake kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Hester aligonga mzinga wa kwanza mara tatu, akainama.

"Mossop amekufa," alinong'ona. "Mossop anawaomba mkae."

Aliona ni maneno mazuri, mafupi, ya heshima. Akayarudia kwa mzinga wa pili. Wa tatu. Wa nne. Alipofika wa tisa, nyuki walinyamaza.

Wote kwa pamoja.

Kisha wakaanza tena, lakini si ule mvumo wa kila siku. Ulitoka mzinga wa mwisho ukaenda wa jirani yake, ukaenda unaofuata... kama watu waliopanga mstari, kila mmoja akimpasha mwenzake habari sikioni. Ulipofika mzinga wa kwanza haukuishia pale. Uliendelea ndani ya ukungu, ukishuka kuelekea makaburini, na kutoka makaburini kuelekea njia ya bandarini.

Hester alirudi ndani upesi. Jikoni palikuwa pameshafika mgeni.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mchangamfu na aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. "Mimi ni Mossop," alisema kwa sauti laini. "Nimeambiwa kuna msiba. Huyo anayekohoa ni mtoto?"

"Ni mdogo wangu," Hester alijibu.

"Masikini. Acha nikamtulize. Nina mkono mzuri na watoto." Naye alikuwa ameshashika ngazi.

Mama alifuta jasho kwa kiwiko. Hakuwa amelala siku mbili. "Ndugu wa Bibi huyo, nadhani wa bonde la pili," alisema. "Mungu amlipe. Mpelekee chai."

Katika kijiji chao mgeni wa msiba haulizwi atokako mpaka awe amekula. Kuuliza kabla ni kumwambia kwamba amefuata mkate. Hester alipeleka chai na kipande cha mkate. Mwanamke alikuwa amekaa kitandani, amemweka Winnie mapajani, anamsugua mgongo. Hakugusa chai. Hakugusa mkate. Na Winnie, ambaye huwalilia wageni, alikuwa kimya, macho wazi.

Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha.

Aliposhuka, alimkuta Bi Pickthall jikoni; Mama alikuwa ameingia sebuleni kwa Bibi. Bi Pickthall ndiye aliyeosha maiti zote za kijiji. Alikuwa na ulimi mkali kuliko sabuni yake.

"Bibi yako nimemaliza kumvalisha," alisema. "Kapendeza kuliko siku ya harusi yake, nami nilikuwepo. Na huyu je?"

Alionyesha kwa kidevu. Katika kiti cha Bibi, karibu na moto, alikuwa amekaa mwanamume mrefu mwenye koti la baharia. Maji yalimdondoka pindoni. Tone... tone... tone. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Mossop," alisema yule mtu bila kuulizwa, bila kugeuza shingo. "Nimeambiwa nyumba haina mwenyewe."

"Akina Mossop ni kama magugu," alisema Bi Pickthall. "Unang'oa hapa, yanachipua Amerika." Lakini hakucheka. Alikuwa anatazama kipande cha mkate juu ya goti la mgeni. Kilikuwa kimelowa maji ya chumvi, hakijaumwa.

Bibi alikuwa akisema jina lao limevaliwa na watu wa kila namna, kama koti la mnadani. Kulikuwa na Mossop mpiga mieleka aliyeangusha watu saba siku moja ya gulio. Kulikuwa na Mossop mhubiri. Kulikuwa na Mossop nahodha, aliyesafirisha watu kama mizigo, akazama na meli yake huku taa za bandari ya kwao akiziona. Wale watu aliowauza kwenye visiwa vya miwa aliwabandika jina lake, kama kondoo wa kilimani wanavyopakwa alama nyekundu ya mwenyewe. Na kulikuwa na Mossop mwanamke, aliyepokea watoto wachanga wa mabinti wasio na waume akawalea. Habari za huyo Bibi hakuzimalizia kamwe. Alisema tu kwamba hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyewahi kuota jino.

Mlango uligongwa. Taratibu, mara moja.

Mwanamume mweusi alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, nguo zake za mtindo ambao Hester aliwahi kuuona kwenye picha za kanisani tu. Mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Karibu ndani," alisema Hester, kwa kuwa ndiyo adabu.

"Hapana, binti. Ndani siingii." Alimtazama yule baharia aliyelowa, kwa muda mrefu. Baharia aliinamisha uso kwenye moto. "Mimi ni Mossop. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa. Tumesikia tunaitwa, na aliyeita hakusema anamtaka nani."

"Wewe unataka nini?" Bi Pickthall aliuliza kutoka ndani.

"Nirudishe hili jina, nichukue langu."

"Lako ni nani?" Hester alinong'ona.

Mtu yule alifungua kinywa. Akakifunga. "Nilikuwa mtoto waliponibadilisha jina," alisema mwishowe. "Nilidhani labda hapa kuna anayelikumbuka."

Maji ya baharia yalidondoka. Tone... tone...

"Kuna mama amenitangulia njiani," yule mtu alisema, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Mwenye aproni. Msimwachie mtoto."

Hester aligeuka kuzikimbilia ngazi, lakini Bi Pickthall alimkamata mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi bado kwa maji ya maiti.

"Subiri. Nyuki umewaambia nini? Neno kwa neno."

"Nimesema... Mossop amekufa. Mossop anawaomba mkae."

"Mossop yupi?"

Hester aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Mwanangu, mbona umefanya hivyo? Unataja jina la aliyekufa, lote. Unataja jina la anayeshika nyumba, lote, na aliyekabidhiwa ufunguo ni wewe. Wewe umesimama ukutani ukaita ukoo mzima, waliolala na waliozama, ukawaambia kiti kiko wazi." Alimsukuma kuelekea mlango wa nyuma. "Kimbia. Kataje vizuri kabla giza halijafunga. Huko juu nitakwenda mimi na mama yako. Ila aliyeitwa hatolewi kwa mikono. Anatolewa kwa jina."

Hester alikimbia. Ukungu ulikuwa umemeza ukuta wote, akapapasa mawe mpaka shubaka la kwanza. Juu ya kilima kulikuwa kumebaki mstari mmoja wa mwanga, mwembamba kama uzi. Alinyanyua ufunguo.

Mtu alipiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kuita mbwa. Sauti mbili fupi, moja ndefu inayopanda. Katika bonde lote alikuwepo mtu mmoja tu aliyewaita mbwa hivyo, na jina lake lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la ukumbusho wa vita katikati ya kijiji.

Yeye naye alikuwa Mossop.

Mkono wa Hester ulibaki hewani. Akifungua kinywa na kutaja majina, wote waliokuja wangerudi. Wote. Alijua jambo hilo bila kuambiwa. Lakini mluzi ulisikika tena, karibu zaidi, ukifuatwa na viatu vizito kwenye mawe ya njia. Miaka mitatu. Hakuwahi hata kumuaga vizuri, maana asubuhi ile alikuwa amenuna kwa sababu ya utepe.

Kidogo tu, alijiambia. Nimwone tu uso.

Kutoka dirisha la ghorofani Winnie alikohoa. Kisha akakohoa tena, kikohozi kilichokatikia katikati.

Viatu vilisimama upande wa pili wa ukuta. Hester alisikia pumzi. Alinusa tumbaku, na tope ambalo halikuwa tope la kwao.

"Baba?"

Mwanga juu ya kilima ulikuwa umebaki chembe.

"Baba, ni mimi. Niite."

"Mossop," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti yake. Lakini baba yake hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Hetty, au Kichwa-ngumu, au Kuku wangu. Ile sauti ilingoja kidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli asilolijua, halafu ikarudia, "Mossop?"

Hester aligonga.

"Tamar Mossop amekufa. Hester Mossop anawaomba mkae. Tamar Mossop amekufa. Hester Mossop anawaomba mkae." Alikimbia kutoka shubaka hadi shubaka akilia, ufunguo ukimchubua vidole. Kwenye mzinga wa saba alisikia viatu vikigeuka. Kwenye wa nane havikusikika tena. Alipogonga wa tisa hakuuona mzinga wala mkono wake. Hakujua kama giza lilifunga kabla ya neno lake la mwisho, au baada.

Jikoni kiti cha Bibi kilikuwa kitupu, sakafu imelowa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Alipanda ngazi mbili mbili.

Mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anatabasamu huku machozi yakimtoka. Bi Pickthall alikuwa amesimama dirishani, ameshika taa.

"Amepoa," Mama alisema. "Homa imeshuka ghafla. Msikilize anavyopumua."

Winnie alikuwa amelala chali, kifua kinapanda na kushuka bila kukwama.

"Yule mama yuko wapi?" Hester aliuliza.

"Ameondoka," alisema Mama.

Hester alimtazama Bi Pickthall. Bi Pickthall alipunguza utambi wa taa.

"Tulipoingia alikuwa hapa kitandani," alisema. "Taa ilipepesuka. Ilipotulia hakuwepo. Wale wawili wa chini niliwasikia wakiondoka." Alihamisha taa kwenye mkono mwingine. "Huyu sikumsikia kwenye ngazi."

Bibi alizikwa siku ya tatu. Nyuki walikaa, mizinga yote tisa, na asali ya mwaka uliofuata ilikuwa nyingi. Mama aliwaambia watu kwamba Mungu amechukua mmoja akarudisha mmoja. Wala hakukosea, kwa alivyoona yeye: Winnie alinenepa, mashavu yakawa mekundu, hakulia tena ovyo. Akawa mtoto wa kusifiwa. Alipenda aproni nyeupe, akaipiga pasi mwenyewe kwa kiganja.

Jambo moja tu, ambalo Mama alisema ni masikio yaliyoharibiwa na homa. Ukimwita Winnie, hageuki. Ukimwita Winifred, hageuki. Lakini mwalimu alipopita na daftari lake la majina akasoma "Mossop", mtoto alikuwa ameshasimama.

Hester hakuzungumza. Angesema nini? Kwamba alisimama ukutani akimngoja baba yake, huku mdogo wake akiishiwa pumzi? Kila usiku alilala akimsikiliza Winnie anavyopumua, vizuri mno, bila hata kukoroma. Mara moja alimfunika na kumuuliza gizani, polepole, "Winnie, upo?" Pumzi zilisimama kidogo, kama mtu anayefikiri. Halafu zikaendelea.

Majira ya kuchipua binti yake Bi Pickthall alikuja kuwatembelea na mtoto wake wa kwanza, wa wiki tatu, amefungwa kwenye shali ya sufu. Mama alimwaga chai. Waliongea habari za bei ya kondoo. Mtoto alianza kulia.

Winnie alishuka kwenye kigoda chake, akajifuta mikono kwenye aproni, akaja kusimama mbele ya mgeni.

"Masikini," alisema kwa sauti laini. "Nipe nimtulize. Nina mkono mzuri na watoto."

"Jamani, msikieni huyu," mgeni alicheka, akainama kumkabidhi.

Hester alimwahi. Alimpokea mtoto, akamkumbatia kifuani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Wote walimshangaa. Mama alimwambia asiwe mchoyo, amwachie mwenzake.

"Nitamshika mimi," alisema Hester.

Winnie hakulia wala kununa. Alirudi kwenye kigoda chake, akakunja mikono mapajani, akamtazama dada yake kwa upole mkubwa, kama mtu ambaye hana haraka.