Nani Kasema Tabu Anafunga?

Walikutana kwa shari. Sokoni Majengo palikuwa pamefurika watu, Uwesu akakanyaga ungo wa karanga za Tabu.

"We kaka, macho umeyaacha Kondoa?"

"Nimeyaacha kwako," akajibu huku akiinama kuokota. Basi, mapenzi yakaanzia hapo.

Mwaka wa pili sasa. Tabu ana fremu ya karanga na mafuta ya kula, Uwesu anauza viatu ng'ambo ya njia, ila wiki hii yuko kwao Kondoa kuzungumza na wazee habari za posa. Leo mchana Tabu, ndani ya dera la zambarau lililopauka, miguu ikimuwaka moto, alirudi kutoka msikitini akamkuta mwanamume anapima ukuta wa fremu yake kwa futi kamba.

"Samahani dada, mimi kinyozi. Mwenye nyumba kasema kodi ikiisha unahama. Mchumba wako ndiye kamwambia."

Tabu akachomoa simu. Akampigia Uwesu.

"Mpenzi, nilitaka nikushangaze," Uwesu akasema. "Umechoka. Kila jioni unalia na miguu. Viatu haviuziki, mimi nafunga. Tufunge wote, tuje tulime alizeti."

"Nani kakwambia nafunga? Uwesu, wewe ukichoka unafunga. Mimi nikichoka nakaa kwenye kigoda, mteja akija nasimama. Mama yangu anakula humu!"

"Lakini mwanamke akiolewa..."

Tabu akakata. Akalia palepale, kati ya madumu ya mafuta. Angekuwa hampendi, wala asingehangaika.

Kesho yake Uwesu alishuka basi la kwanza, shati limejaa vumbi, uso umemshuka.

"Nimepita kwa mwenye nyumba. Kinyozi atachukua fremu yangu. Yako nimemwambia nilikosea."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Uwesu akakung'uta vumbi shatini, akasema taratibu, "Niliona aibu, Tabu. Watu wangesema mwanaume kashindwa, mkewe anaendelea. Ungefunga na wewe, nisingekuwa peke yangu."

Tabu alimtazama. Hasira bado ilikuwepo, ila na huruma nayo ilikuwepo, tena nyingi.

"Umeshindwa na viatu, hujashindwa na mimi. Nenda kalime. Alizeti utaniletea, nitauza. Lete na posa yako. Ila hapa hapafungwi."

"Hata siku ya harusi?"

Tabu akafikiri kidogo, akapiga mwayo.

"Ndoa si baada ya alasiri? Nitafunga adhuhuri. Asubuhi watu wanataka mafuta."

Uwesu alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.